Mbio za Penseli

Shusheni vikombe mnisikilize. Haya ni kweli tupu, hata mkiniapisha kwa Biblia na Kurani kwa mpigo.

Jumapili ile, kwenye mbio za mlima wa Rebero hapa Kigali, Fortunatus alipitwa na mama anayekimbia na mwavuli mkononi. Akampungia, akamwambia asante. Akapitwa na padri. Akapitwa na mtu aliyekuwa akiongea na simu, tena akiomba radhi kwa kuchelewa kazini. Fortunatus akatabasamu tu, kwa sababu alikuwa akishindwa kwa makusudi.

Mnacheka kwa kuwa hamjui mbio. Mtu huyu, Mhaya wa Bukoba, mstaafu wa mambo ya forodha, malori ya mizigo yalimleta Kigali yakamsahau huku. Kwenye mlango wa jikoni alibandika kalenda. Mbio moja tu aliizungushia wino mwekundu, marathoni ya mwezi wa sita. Nyingine zote, kilomita kumi za hapa, ishirini na moja za pale, aliziandika kwa penseli.

"Za penseli hazikimbiliwi ushindi," alimweleza mkewe. "Unaingia ili uumie kidogo. Unarudi, unalala, asubuhi unaona kumbe hujafa. Halafu unaongeza."

Mkewe, Jovina, alikuwa akichambua mchele. "Basi nije nikupokee mwisho?"

"Usijisumbue, Mama Pamela, hiyo ya penseli. Sauti yako itunze. Mwezi wa sita ndio nataka nikukute pale kwenye utepe. Sina ombi lingine duniani. Ikishapita hiyo, mimi ni wako."

Mwaka juzi alisema hivyo hivyo. Mwaka jana pia, ila mvua ilimtoa njiani akaapa kurudia. Binti yao Pamela alikuwa ameshaolewa Mwanza, nyumbani walibaki wawili, na kati ya hao wawili mmoja alikuwa barabarani. Siku ya kutimiza miaka thelathini na minne ya ndoa ilimkuta Fortunatus katika mji wa Huye, kilomita ya kumi na nane ya mbio. Penseli.

Mwaka huu Jovina akabadilika. Akaanza kuuliza.

"Baba Pamela, yale maumivu ya mwanzo huchukua muda gani kupoa?"

"Ukitamani kurudi, na uko katikati ya njia, unafanyaje?"

Fortunatus alifurahi mpaka uji ukampoa mbele yake. Mke amezipenda mbio! Akamfundisha yote: usitazame mbali, tazama nguzo ya umeme iliyo mbele yako, ukishindwa leo usijilaumu.

Siku hizo hizo Jovina akaanza kwenda Masaka, pembeni ya Kigali, kwa dada yake, Daphrose, kumsaidia shamba la maharage. Mara ya kwanza alilala usiku mmoja, akarudi macho mekundu. Vumbi, Fortunatus akasema. Mara ya pili aliaga siku tatu, lakini jioni ile ile pikipiki ikamshusha getini, amelowa chapachapa.

"Mzee," dereva akasema, "mama iko analia njia yote."

"Mvua hiyo, bwana." Fortunatus akamlipa, akarudi barazani kunyoosha misuli. "Umewahi kurudi, Mama Pamela."

"Nimeshindwa," Jovina akasema, maji yakimchuruzika kidevuni. "Nitajaribu tena."

"Palizi inataka mgongo," akamfariji.

Akajaribu tena. Siku mbili. Siku tano. Mwezi wa tano ukiishia akakaa siku tisa, na Fortunatus hakulalamika hata kidogo. Alijipikia wali, akalala saa mbili usiku, akasema nyumba tulivu ni nusu ya mazoezi.

Siku ya wino mwekundu hakumwachia mtu. Safari hii padri yule ndiye aliyepitwa, tena kwa kasi, hata hakupata nafasi ya kumbariki. Kilomita ya thelathini na tano mapaja yakageuka mawe, na kichwani likabaki swali moja: atakuwepo? Miaka mitatu alikuwa amemzuia kuja kwenye zile za penseli. Huenda amezoea kutokuja.

Alikuwepo. Alisimama kwenye utepe na kitenge kipya, akipiga vigelegele hadi askari wa barabarani akageuka kumtazama. Fortunatus akamwangukia begani akalia mbele ya umati, mzee mzima. Jovina akamfuta jasho na machozi kwa upindo wa kitenge, akainama kumlegezea viatu.

Jioni, nyumbani, alimkanda miguu kwa maji ya moto na chumvi, kidole kimoja kimoja, bila haraka.

"Imekwisha?" akauliza.

"Imekwisha. Sasa mimi ni wako."

Jovina akakausha mguu wa mwisho, akasimama. Begi lilikuwa mlangoni. Fortunatus akadhani wanasafiri, akaanza kucheka kwa furaha.

"Ile mara ya kwanza kule Masaka nililia mpaka kukakucha," Jovina akasema kwa upole. "Safari hii nimekaa siku tisa, Baba Pamela, na sijalia hata mara moja. Nadhani niko tayari."

Hapo nikaikomesha hadithi. Usumani, huyu muuza chai wetu, akaacha kumimina, birika likining'inia hewani.

"Mzee," akaniuliza, "si walikuwa wawili tu ndani? Wewe uliyasikia wapi?"

Kwenye meza ya Usumani anayekamatwa na uongo hulipia wote. Nikatoa pochi. Uongo wenyewe ulikuwa kwenye jina tu.