Mtandio Mweupe

Katika mji wa watia rangi, mto ulifuata rangi ya vitambaa vya siku, na waliokaa upande wa chini wa mto walishaacha kuvaa nyeupe.

Siku ile ulikuwa wa buluu. Bi Mwanasiti, mwenye karakana, alishika kiuno akimtazama Zawena, mtafiti, akimimina maji ya rangi katika pipa lililojaa mchanga na makaa ya vifuu vya nazi. Maji ya kwanza yalitoka chini ya pipa yakiwa meusi.

"Makaa huchafua, mwanangu. Nani asiyejua?"

"Hilo ni vumbi lake tu, mama. Tuyamwage, tungoje."

Zawena, mikono myeusi hadi viwikoni, aliendelea kumimina polepole, kama anayemnywesha mgonjwa uji. Kisha maji yakaanza kutiririka ndooni, maangavu kama ya mvua.

 Bi Mwanasiti aliingia ndani, akatoka na mtandio wake mweupe wa swala, ambao hakuwahi kuufulia maji ya mto. Akautosa ndooni, akaukamua, akauanika juu kabisa. Ulikuwa mweupe vilevile.

Upande wa chini wa mto, mwanamke aliyekuwa akianika kanzu ya mumewe, iliyokuwa nyeupe zamani, aliuona mtandio ule. Akaianua kanzu, ikichuruzika buluu, akaanza kuupanda ukingo kuelekea karakanani.