Farmasi ya Mama Marie-Rose

Kwa mara ya tatu Honorine alimwaga saruji ya sakafu ya farmasi yake. Ya kwanza ilikuwa na ufa. Ya pili haikuwa na mteremko wa maji.

"Mama Marie-Rose, sasa iko sawa," Firmin, karani wa serikali katika ofisi ya teritwari, alimwambia Honorine, akiwa amepiga magoti na utepe wa kupimia mkononi. "Kunabakia diplome, na kabati ya sumu, ya kufuli mbili."

"Soma yote, karani. Usiruke hata moja."

Firmin akasoma. Chumba cha kupokelea watu, na kingine cha kutengenezea dawa. Maji ya bomba. Mtu mwenye diploma wa kutia sahihi. Watu wa Uvira walicheka: mwanamke wa mpunga, tangu lini akajua chupa na vidonge? Honorine aliuza shamba lake la Luberizi. Alimleta mzee Ildephonse, msaidizi wa mfamasia aliyestaafu, akaitundika diploma yake ukutani.

Kila mtu alijua sababu. Masika yaliyopita binti yake, Marie-Rose, alishikwa na malaria. Mji mzima ulikuwa na mahali pamoja tu pa kununua dawa: depo ya Evariste, nyuma ya soko. Kwinini ilikuwa juu ya rafu. Honorine aliiona kwa macho yake.

"Karatasi ya munganga iko wapi?" Evariste aliuliza.

"Munganga iko Bukavu, baba. Mutoto anakufa."

"Bila karatasi, hapana. Minye sitaki kesi."

Walimzika mtoto Jumapili. Honorine hakulia hata kaburini. Jumatatu alikwenda ofisini kwa Firmin, akaomba kusomewa sheria za dawa.

"Utamumaliza, mama," Firmin alimwambia sasa, akikung'uta magoti. "Ukifungua weye, nani ataenda tena kwa Evariste? Atauzia nzi."

"Hata nzi hawatamuendea."

Ruhusa ilishuka na lori la mwisho kutoka Bukavu. Kesho yake waasi walifunga barabara pale Luvungi, hakikupita tena hata kikapu cha mihogo. Firmin mwenyewe aliileta ile karatasi mbio, akitabasamu kana kwamba jina lililoandikwa juu yake ni lake.

"Geuza," Honorine alisema. "Soma na nyuma."

Firmin alisoma: mahali penye farmasi yenye ruhusa, depo zote zifungwe siku hiyo hiyo, na dawa zake zichukuliwe.

"Siku hiyo hiyo?"

"Ndivyo wameandika, mama."

"Basi tupite kwa polisi."

Kufika saa sita mchana, mlango wa Evariste ulikuwa na lakiri nyekundu. Askari walikuwa wamepakia makasha yake yote, wakayapeleka kambini. Mwenyewe alisimama barabarani, kofia mkononi.

"Mama, uniachie hata wiki moja tu. Watu wako na homa."

Honorine alimtazama mpaka Evariste akainamisha kichwa. Kisha mama akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata Firmin alikuwa wa kwanza kufika. Alikuwa anasukuma baiskeli, na kwenye kiti cha nyuma alimkalisha mke wake, Pétronille, akitetemeka chini ya blanketi. Nyuma yao mstari wa watu ulifika hadi barabara kubwa. Akina mama walipiga vigelegele: hatimaye, farmasi ya mtu wetu!

Honorine alifungua milango yote miwili, akasimama pembeni ili kila mtu aone ndani.

Rafu zilikuwa mpya, zimepakwa rangi nyeupe, ukuta hadi ukuta. Juu yake hapakuwa na kidonge hata kimoja.

"Mama," Firmin alisema, "dawa ziko wapi?"

"Karani," Honorine akamjibu taratibu, "nani alikuambia minye nataka kuuza dawa?"