Bwana Yuko Mlangoni

Teodora alimshikisha mumewe mshumaa uliobarikiwa, akaifumbata mikono yake iliyokwisha anza kupoa.

"Usiogope, mzee wangu. Bwana yuko mlangoni."

Maneno hayo yalikuwa ya mumewe mwenyewe. Kwa miaka thelathini ya ukatekista pale Uwemba, ndiyo aliyowaambia wote waliokuwa wakikata roho.

Mzee aligeukia mlango, akautazama kwa muda mrefu. Ukungu tu ndio uliokuwa ukiingia.

"Mbona simwoni?" Meno yake yaligongana. "Ina maana wale wote niliwadanganya, mama?"

Nta ya moto ilimdondokea Teodora kidoleni, penye ufa ulioachwa na jembe. Hakuuondoa mkono. Naye alitazama mlangoni, akaona ukungu uleule.

"Mimi namwona," alisema. "Anafuta tope miguuni, aingie."