Shati la Shebe

Afande Lugome, askari mstaafu anayefundisha raia kutumia bastola, alikuwa na sharti moja: kila mwanafunzi aje na nguo ya mtu wa nyumbani kwake, ya kumvisha sanamu wa mbao wa kulengwa.

"Mlango wako hufunguliwa zaidi na watu wako kuliko wezi," alizoea kusema. "Kwa hiyo uliza kwanza. Akijibu mtu wako, shusha bastola."

Mwanakheri alileta shati la mumewe, Shebe. Duka lao lilikuwa limevunjwa mara mbili, na tangu hapo hata paka akiruka juu ya bati, moyo humwenda mbio.

Afande alivuta kamba. Mlango wa mazoezi ukafunguka, sanamu akachomoza. Mwanakheri alifyatua.

"Umeuliza, mama?"

Afande alilivua shati, akalikunja taratibu, akamkabidhi.

"Cheti bado. Na bastola inabaki kwangu. Rudi Jumatatu."

Alasiri hiyo Mwanakheri alikuwa ameketi jikoni, shati mapajani, akitafuta uzi wa kufanana nalo ili azibe tundu la kifuani, mara kitasa cha mlango kikazunguka.

"Nani?"

"Mimi."

"Nani?"

"Mimi, Shebe. Kwani una nini leo?"

Alijua ni yeye. Sauti hiyo ameishi nayo miaka kumi na tisa. Lakini kidole chake cha shahada kilikuwa kimejikunja ndani ya lile tundu, wala hakikutaka kunyooka.