Gramu Moja ya Mama Mkwe

Mama mkwe alijifungia chooni, akavua kipuli chake cha dhahabu, akaanza kukisaga kwa tupa aliyoichomoa kwenye sanduku la vifaa la mkwewe. Alicheka peke yake huku unga wa njano ukidondokea kwenye leso. Fundi cherehani wa miaka sitini na miwili, mtu na heshima zake, leo tapeli!

Angefanyaje? Kampuni tatu zilikuwa ukumbini zikishindania kandarasi moja ya mashine za kutenganisha madini na mchanga. Mbili zilikuja na mafundi wenye sare na mitambo inayong'aa. Ya tatu ilikuwa yeye na mkwewe, na mashine waliyoiunda katika chumba chake cha kushonea, inayotetemeka kama mtu mwenye homa. Mkwe alikuwa ameapa: wakishindwa, jioni hiyohiyo anaiuza kama chuma chakavu na kurudi kuchomelea madirisha.

Kila kampuni ilipewa ndoo moja ya mchanga. Ya kwanza ilitoa dhahabu gramu tano, ya pili nne. Mashine ya mkwe ilikuwa imetetemeka dakika ishirini bila kutoa hata punje, na mwenyewe alikuwa karibu kulia.

Mama mkwe alirudi, akainamia ndoo kana kwamba anakagua unyevu, akakung'uta leso.

"Haya baba, mimina huo uliobaki," alisema. "Mvumilivu hula mbivu."

Punde mstari mwembamba wa njano ukajichora ukingoni mwa mashine. Mkwe alimnyanyua mama mkwe juu juu mpaka viatu vikamtoka, naye akacheka hadi mbavu zikamuuma. Kisha mizani ikasema gramu moja. Wote wawili wakanywea.

Mtathmini, binti mfupi asiye na maneno mengi, hakuandika kitu. Aliisukuma dhahabu yote kando, akaomba makapi, ule mchanga uliokwisha kupita kwenye kila mashine, akauosha mwenyewe kwa karai aone nini kimetoroka. Makapi ya kampuni ya kwanza yalimetameta. Ya pili vivyo hivyo. Ya mkwe yalikuwa mchanga mtupu.

Halafu akamtazama mama mkwe sikio la kushoto, akahamia la kulia. Mama mkwe alivuta mtandio upesi. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na tupa yake.

"Kandarasi ni yenu," mtathmini akamwambia mkwe.

Wenye sare wakaja juu. Wao wamepata gramu tano, hawa moja, hesabu gani hiyo?

Mtathmini alijifuta mikono taratibu.

"Mchanga huu nimeuchota leo asubuhi kwenye lundo la waashi huko nyuma, na hauna dhahabu hata chembe," alisema. "Kila mtu ametia yake, nami namchukua aliyerudishiwa yote na mashine yake."