Mchicha wa Kuku

Palikuwa na Kuku mmoja asiyejua kusubiri. Alipanda mchicha kwenye gunia nyuma ya nyumba, na kila asubuhi akachakura udongo aone kama mbegu zimeota. Vifaranga wake wakawa wanashindia pumba tupu. Jirani yake Bata, aliyekuwa akimpa mbegu, akachoka.

"Shoga, umechakura tena?"

"Nimechungulia tu!"

"Unachungulia kwa kucha? Ziache mbegu zilale!"

"Sasa nitajuaje kama zi hai?"

Bata akaona huyu haambiliki. Akamletea gunia la udongo mtupu, akamwambia, "Mbegu zimo humu." Mbegu zenyewe akazifukia kwenye beseni bovu pale uani. "Na hilo beseni achana nalo, nimetupia takataka."

Kuku akachakura gunia mpaka likatoboka. Huku kwenye beseni mchicha ukachomoza, ukanawiri, vifaranga wakarukaruka kwa furaha.

"Kumbe!" Kuku akafoka. "Takataka zako zinaota, halafu mimi unanipa mbegu mbovu?"

Bata akafungua mdomo amweleze, lakini Kuku alikuwa keshapanda kwenye beseni, anang'oa mizizi aone mchicha umeotaje.

Jioni ile vifaranga walikula pumba.