Kokoto Zilizonukia Ndimu

Mke alirudi nyumbani asubuhi, baada ya wiki tatu hospitalini, akamkuta mumewe amesimama kando ya tangi la samaki, macho mekundu. Samaki wake wa rangi ya dhahabu, aliyemfuga kwa miaka sita, alikuwa akielea kwa ubavu.

"Jana alikuwa mzima kabisa," mume alisema. "Nimemlisha kama ulivyoniagiza, punje tano, sikuzidisha. Sijui nimekosea wapi, mama watoto."

Maji yalikuwa maangavu. Kioo kiling'aa kuliko siku zote. Mke aliingiza mkono, akachota kokoto chache, akazinusa. Zilinukia ndimu, kama vyombo vya jikoni.

Sabuni.

Akamtazama mumewe, mwanamume ambaye hajawahi kuosha hata kikombe. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa kusugua. Alizisugua kokoto zote zile, moja moja, ili mkewe akirudi akute tangi linapendeza.

"Umeona nini?" mume aliuliza kwa sauti ndogo.

Mke alizirudisha kokoto majini taratibu, akajifuta mkono kwenye gauni.

"Alikuwa mzee tu," alisema. "Njoo unishike, miguu bado haina nguvu."